Siku Ndege ya Mahujaji Ilibaki Chini

Nyinyi vijana munaoingia kazi ku kiwanja cha ndege, majina yenu siyajui, lakini ninawaona. Munavaa jile, vile vizibao vya kijani vyenye kung'aa, simu mu mufuko wa nyuma, munapita chini ya bawa bila kuinua macho. Mi naitwa Saidi, mutoto wa mutaa wa Buyenzi. Miaka karibu makumi tatu nilikuwa natia mafuta mu ndege, na sijawahi kupita chini ya bawa bila kuangalia juu. Kwanza, kwa sababu ni kitu ya kushangaza. Pili, kwa sababu kichwa yangu iligonga pale mara ine, na mara ya ine ndege ilikuwa na abiria. Walicheka dirisha kwa dirisha, toka mbele mupaka nyuma.

Shule nilifika darasa la nane. Watu wa kwetu wanasema nilitoka kwa sababu ya maisha magumu. Uongo. Mi na mwalimu wa Kifaransa tulikubaliana tuachane kwa amani: yeye alichoka kusoma nilichoandika, na mi nilichoka kuandika kitu ambayo hata mi mwenyewe nikirudia kuisoma siielewi. Musicheke sana. Ile uvivu yangu ya kuandika ilikaribia kuharibu maisha ya mutu wa maana kuliko mi, na ndiyo habari ninataka kuwapa.

Baada ya shule nikaenda garaji ya mujomba wangu, nikaosha vipuri miaka mbili. Halafu nikapata kazi mu Zone Industrielle, kule viwandani, mu depo ya mafuta karibu na bandari, kupakia siterni, zile gari za tanki ya mafuta. Siku moja dereva wa siterni ya kiwanja cha ndege akaugua malaria. Wakauliza nani anajua kuendesha gari kubwa. Nikanyoosha mukono. Sikujua. Lakini ile barabara imenyooka, na Mungu ni mwenye huruma.

Ku kiwanja nikamukuta muzee Ramazani, fundi mekanisia mukubwa wa kampani moja ndogo ya ndege, na ile kampani ikanichukua moja kwa moja. Jina ya kampani naiacha. Haiko tena, na wenyewe wako na wajukuu. Ramazani ndiye aliyenifundisha yote ninayojua, na alinifundisha kwa matusi, kwa hiyo sikusahau.

"Saidi, waya kwanza, mupira baadaye." Kabla hujafungua mupira wa mafuta, unaunganisha siterni na ndege kwa waya, ili ule umeme usioonekana usiruke cheche. Nikasahau mara moja. Ramazani alichukua ile waya, akanifunga nayo kiuno, akanitembeza mbele ya watu wa forodha kama mbuzi ya Idi. Mupaka leo nikiingia mu gari ya mutu natafuta waya.

Lakini somo kubwa ilikuwa ya maji. Sikilizeni vizuri. Mafuta ya ndege, kerozeni, inaonekana nyeupe kama maji. Na maji, kama munavyojua, nayo ni nyeupe kama maji. Ndiyo shida. Maji ni nzito, inashuka chini ya tanki. Kwa hiyo ukishatia mafuta unangoja itulie, unaenda chini ya bawa, kuna kidude unasukuma juu, unachukua kidogo mu chupa ya kioo, unaangalia. Maji ikiweko utaona musitari: maji chini, mafuta juu. Mara ya kwanza Ramazani alinipa chupa niiangalie. Nikaiinua ku jua. Hakuna musitari hata moja.

"Muzee, iko safi kabisa!"

"Kunywa."

"Muzee?"

"Si umesema iko safi? Kunywa, sha."

Akachukua kidole yangu, akaichovya, akaipeleka ku pua yangu. Haikunuka kitu. Akaisugua: mafuta inateleza, ile haikuteleza. Chupa nzima ilikuwa maji ya robine, maji ya bomba tu! Hakuna musitari, kwa sababu hakukuwa na mafuta ya kuchorea musitari. Akaniambia: "Kuanzia leo macho yako ni mashahidi wa uongo. Uliza pua, uliza kidole." Siku hizi muko na sindano yenye kidude ya manjano, ikikutana na maji inageuka kijani. Nzuri sana. Lakini kidude inaisha mu katoni. Pua haiishe.

Na kama munajiuliza kwa nini kelele yote hii kwa ajili ya maji: moteri ya pikipiki ikinywa maji inakohoa, unasimama kando ya barabara, unatukana, unapiga simu. Juu ya milima ya Mugamba hakuna kando ya barabara.

Sasa direkteri, mukubwa wa kampani yetu. Hakuwa mutu mubaya, nalisema mapema ili musikae munangoja nimutukane. Alijua majina ya watoto wetu. Ku harusi ya binti yangu alikaa ku mukeka, akala pilau na mukono, akaomba tena. Lakini alikuwa na sheria moja. Kila ndege iko na kitabu yake, inaitwa karne. Piloti akiona kitu imeharibika, anaandika mule. Ikishaandikwa, ndege hairuke mupaka mekanisia atengeneze na asaini. Kwa hiyo kila musitari mu karne ni ndege iliyosimama, na ndege iliyosimama ni direkteri asiyelala. Akatuita wote, akasema kwa sauti ya baba: "Mutu anayependa kampani haandike. Anakuja kuniambia."

Toka siku ile mapiloti wakaanza kuandika ku vikaratasi. Taa ya gurudumu haiwake: kikaratasi. Breki ya kulia inavuta: kikaratasi. Ramazani alikuwa anatembea na mifuko imejaa kama mutu aliyetoka kupiga kura mara mia. Mi, wallahi, ndiye nilikuwa na furaha kuliko wote. Kampani nzima imekatazwa kuandika! Nikaona kama walifungua ile kampani kwa ajili yangu.

Nami nikafuata sheria. Nikaona filtiri ya siterni imechoka, ile inayozuia maji isipite mu mupira. Nikamungoja direkteri mu kolidoo, nikamwambia. Akanishika bega. "Asante Saidi. We ni mutu wangu." Nikarudi kifua imejaa. Wiki ikapita, filtiri ile ile. Yeye alisahau. Mi nikaona haya kumukumbusha; bega bado ilikuwa na joto.

Kati ya mapiloti, mukubwa wao alikuwa Komanda Zénon. Mutu wa Gitega, murefu, mukimya. Kabla ya kupanda alikuwa anazunguka ndege mikono nyuma, kama mutu anayezunguka ng'ombe wake asubuhi. Halafu anatoa mukono moja, anagusa: gurudumu, panga za helisi, tumbo. Mapiloti wengine waliniangalia kwa dirisha. Mi nainua chupa, wao wanainua kidole gumba, kwisha. Zénon anashuka. Anavua glavu, anachovya kidole, ananusa, anasugua. Jua kali, anashuka. Mvua, anashuka. Miaka kumi na mbili.

"Komanda," nilikuwa namutania, "siku moja nitakutilia sukari."

"Tia. Nitakuambia ni vijiko ngapi."

Na ndege ikishaondoka nilikuwa nabaki nimesimama pale, kofia mukononi. Kile kitu kizito, watu makumi ine ndani na mizigo yao, inakimbia, inakimbia, halafu ardhi inaiachilia tu. Inapita juu ya mashamba ya muchele ya Buterere, kule watu wanainama mu maji wala hawainue kichwa. Inageuka juu ya ziwa. Mafuta inayoungua mule, saa moja iliyopita ilikuwa mu mikono yangu, mi mutoto aliyeshindwa na Kifaransa. Miaka makumi tatu, sijazoea. Mukizoea nyinyi, mutafute kazi ingine.

Lakini mapiloti walikuwa wamechoka, na walikuwa na haki. Siku ya kupumuzika simu inalia: njoo. Miji mitatu kwa siku moja, wanalala ku viti vya viwanja vya watu, viatu chini ya kichwa. Na vile vikaratasi viliwatisha. Aliyesema kwa sauti alikuwa Komanda Trésor, kijana wa Bukavu, mudomo kama wembe, piloti mwenye akili sana. Akaunda sendika, chama cha kutetea mapiloti. Wote wakasaini barua ya kudai haki, isipokuwa Zénon.

Siku moja saa sita nilikuwa nakula ugali na ndagala, dagaa za ziwa, ku kantini, meza ya karibu nao. Masikio yangu, kama munavyojua kwa umbeya wa Buyenzi, haina mulango.

"Vieux, muzee wetu," Trésor akamwambia Zénon, "watu wanauliza kama we ni piloti ao ni muke mudogo wa direkteri."

Meza nzima ikacheka. Zénon akatoa mwiba ku ulimi, akauweka ku sahani.

"Muke mukubwa ni nani?"

"Sitanii, Vieux. Saini."

"Barua inadai nini?"

"Siku za kupumuzika. Na karne iandikwe kama sheria inavyosema."

"Ni haki yote. Andika jina yangu."

Trésor akafurahi, akatoa kalamu. "Na kesho kutwa wote tunaugua tumbo. Hakuna anayekuja. Tutaona nani ataruka."

Zénon akairudisha kalamu. "Tumbo yangu haiume."

"Tumbo ya nani inauma? Ni grevi, mugomo!"

"Basi sema ni grevi. Simama mbele yake, mwambie siruki. Mi ukinituma kumwambia hivyo nitaenda, hata kama yule mutu aliniwekea nafasi yangu mwaka muzima nilipougua macho. Lakini nikimwambia tumbo inauma na haiume, siku nitamwambia moteri inauma, ataniamini kwa nini?"

Trésor akamuangalia, akaangalia wenzake. "Si nilisema? Muke mudogo."

Sasa wakacheka kweli. Zénon akamaliza ndagala yake, moja moja, akaondoka. Mi nilicheka pia. Nawaambia ili mujue.

Kesho kutwa ikafika. Mapiloti ine, tumbo ine, karatasi ine za daktari moja, kalamu moja. Sekreteri alizipanga ku meza kama karata. Na ile siku, ya Mungu ni mengi, ilikuwa siku ya mahujaji: watu wetu wa Buyenzi na wa Mutakura, wazee kwa wamama, tunawapeleka Entebbe, kule wapande ndege kubwa ya Jedda usiku. Mu ile liste ya majina kulikuwa dada yangu mukubwa, Mwajuma, muuza vitenge, aliyengojea safari hii toka mabinti zake wako wadogo. Zénon alikuja, na kopiloti moja. Direkteri alimukumbatia mbele ya watu wote. "Huyu ndiye mutoto wangu!"

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha kama imetumwa. Buterere yote ilikuwa maji, watu wanahamisha magodoro. Mi nilifika asubuhi siterni imelala inje, na kifuniko ya juu nilikuwa nimeifunga jana yake kwa haraka, kama mutu anayefunga sufuria. Sheria: kabla ya kitu yote, toa maji chini ya siterni, uangalie. Nilikuwa nimeshika kidude ya kufungulia, wallahi nilikuwa nimeishika, nikasikia:

"Saidi! We Saidi! Njoo utupige picha, simu ya Mwajuma haina moto wa betri!"

Kasida zinaimbwa, wamama wamevaa nyeupe, mi ndugu wa haji mutarajiwa, mutu mukubwa. Nikaenda. Nikapiga picha, nikapigwa picha. Nikarudi nimechelewa, nikaunganisha waya, hiyo sikusahau, nikatia mafuta bawa zote mbili. Sikungoja itulie vizuri. Nikachukua chupa chini ya bawa ya kushoto, nikaiinua ku mwanga. Hakuna musitari.

Zénon akashuka. Abiria wameshaanza kupanda ngazi.

"Iko safi, Komanda!"

Akavua glavu. Akachovya kidole. Akanusa. Akasugua. Akanusa tena. Halafu akaniangalia, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinitoa jasho.

"Saidi."

"Komanda."

"Uliniambia iko safi."

Naona haya hata leo kuwaambia nilijibu nini. Nilijibu: "Pengine ni kidole, Komanda."

Akachukua chupa mwenyewe mara ya pili. Maji. Ya tatu: musitari ikatokea, nusu kwa nusu. Ramazani akaja akikimbia, akachovya, akaniangalia, na mara ya kwanza toka nimujue hakuwa na tusi.

Mutu mwingine angetuma kopiloti kuongea na abiria. Zénon alipanda ngazi mwenyewe, akavua kofia, akasimama mu mulango.

"Mama zangu, baba zangu. Mi ndiye Zénon, ndiye wa kuwabeba. Ndege imeingia maji mu mafuta. Nikiwabeba hivi, sitajua kama tutafika. Ninawaomba mushuke, mukunywe chai. Mukikasirika, munikasirikie mi."

Na mi nilikuwa chini nasikia. Munikasirikie mi! Dada yangu alishuka akaniona.

"Saidi! Mwambie komanda yako Makka haiwezi kunisogelea!"

Kwa kuwa najua mutauliza: waliruka kesho yake asubuhi, wale wa Entebbe waliwatafutia viti mu ndege ya jioni, na dada yangu alifika Makka, alhamdulillahi. Mwezi muzima hakunisemesha. Aliporudi aliwapa watu wote tende. Mi alinipa kichupa ya zamzam, akasema mbele ya majirani: "Nusa kwanza."

Turudi. Direkteri alikuja na gari yake mupaka karibu na ndege. Akashuka hakufunga mulango.

"Zénon. Hata we?"

"Patron, kuna maji mu—"

"Asubuhi tumbo ine, sasa maji yako! Munafikiri mi mutoto? Walikutuma ubaki ili unimalize mbele ya mahujaji?"

"Chovya kidole, patron."

Direkteri hakuchovya. Angejuaje maji, yeye alikuwa mutu wa biro, wa ofisini. Na hata angechovya, asubuhi ile hakuna mutu alikuwa anaamini kitu yoyote inayotoka mu mudomo ya piloti. Ndipo nikaelewa ile maneno ya kantini, ile niliyocheka.

Akashusha sauti, akamushika Zénon mukono. "Ndugu yangu. Ramazani atatoa ile maji ya chini, murudie kuangalia, muruke. Ila usiandike. Ukiandika leo, tumbo zao zimeshinda. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hakuwahi. Zénon alijua, na nilimuona akijua. Uso wake ulikuwa kama wa mutu anayezika. Akasema pole pole: "Patron, toka nianze kazi na we sijakudanganya. Hii nikiificha, nitakuwa nimeanza leo."

Akapanda, akashuka na karne. Mvua ilianza tena, matone makubwa. Akaifunika na kofia yake, kichwa wazi, akaandika ameiegemeza ku gurudumu. Mi umbeya haukunitoka: nikachungulia juu ya bega. Herufi moja moja, nikasoma. Maji mu mafuta, tanki ya kushoto, chupa tatu. Saa. Saini. Nikatafuta jina yangu. Nikatafuta maneno "mutia mafuta alisema iko safi." Haikuweko. Angeweza kujikinga na musitari moja tu, na alikuwa na nafasi ku karatasi.

Saa ine Trésor akafika na taksi, habari imeshamufikia. Tumbo imepona kabisa. Alikuja mikono juu. "Vieux! Umeingia grevi! Umewapiga mahali panauma!"

Zénon alikuwa chini ya bawa, anamushikilia Ramazani ndoo.

"Sikuingia grevi. Nilikataa maji. Tumbo inaendelea aje?"

Trésor akavua koti, akashika ndoo ya pili. Sijamusikia tena akimwita Zénon muke ya mutu.

Mi direkteri aliniita saa nane. Biro yake, kiyoyozi, karatasi moja ku meza, imechapwa Kifaransa. Nikasoma taratibu, midomo inatembea. Ilisema mi, mutia mafuta, nilichukua chupa, chupa ilikuwa safi, na komanda alisimamisha ndege kwa kusudi ya sendika. Chini, nafasi ya jina yangu.

"Hii nikiipeleka kwa wale wanaotoa leseni," direkteri akasema, "Zénon atakaa chini, hataruka tena. Sitaki. Lakini amenivunja, Saidi. Mutu niliyemuita mutoto wangu." Macho yake ilikuwa mekundu. "Na we ulisema iko safi. Watu walikusikia."

Musidhani niliruka nikasema kweli kama mutu wa hadisi. Nilikaa pale nikahesabu. Chupa ikiwa safi, mi ni safi: kifuniko nimefunga, siterni nimeangalia, hakuna aliyeenda kupiga picha. Chupa ikiwa maji, ni mi. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kwa pensheni. Na filtiri? Nilimwambia, lakini nilimwambia mu kolidoo. Nilitafuta kitu ya kuonyesha nikakuta bega tu. Maneno ya mudomo haina tarehe, vijana wangu. Inakaa kwa yule anayetaka kuikumbuka.

"Saini, Saidi. We ni mutu wangu."

"Direkteri, naomba kalamu."

Akanipa. Akapumua. Nikageuza ile karatasi, nikaandika nyuma. Kifaransa ilikataa kutoka, nikaandika Kiswahili, herufi kubwa, kama mutoto wa darasa la kwanza: MAJI ILIKUWEKO. NI MI NILITIA. SIKUANGALIA SITERNI. FILTIRI IMECHOKA, NILISEMA, SIKUANDIKA. Nikasaini. Jasho ilidondoka ku ile F ya filtiri ikavimba. Miaka makumi mbili na zaidi mu ile kampani, na ndiyo ilikuwa karatasi yangu ya kwanza.

Direkteri aliisoma. Akairudia.

"Unajua umejifukuza?"

"Najua kidogo, Direkteri."

"Ni Zénon aliyekutuma?"

"Apana. Toka asubuhi hajaniambia neno. Hata jina yangu hakuiandika."

"Filtiri uliniambia lini?"

"Mu kolidoo. Ulinishika bega."

Akakaa. Nikaona anatafuta mu kichwa yake, na nikaona ile siku ameipata. Hakunifukuza. Toka kesho yake hadi pensheni nilisukuma mizigo, na ndiyo maana wengine wenu munanijua kama muzee wa masanduku. Vikaratasi vya Ramazani viliisha mwezi ule ule, karne ikaanza kuandikwa, na sendika wakaenda kukaa naye ku meza, bila tumbo. Lakini yote hiyo ilikuwa baadaye. Ile saa nane alinyanyua simu, akaiweka sauti wazi.

"Zénon. Ndege itatoka lini?"

Tukasikia mvua ku simu, na ndoo.

"Mekanisia akishasaini, patron."

Patron. Bado alimuita patron. Direkteri akaweka simu chini, akaenda ku dirisha. Mi nikasimama nyuma yake, kwa sababu hakuna aliyeniambia nitoke. Kule mbali abiria walikuwa wameshakimbilia ndani, na ule mutu murefu bado iko kando ya ndege, kichwa wazi.

"Saidi," akauliza, bila kugeuka, kama mutu anayeuliza njia. "Huyu mutu iko na mi, ao iko na sendika?"

Nikafikiri sana. Mutu wa darasa la nane hapati swali kama ile kila siku.

"Sijui, Direkteri. Mi ninaona ananyeshewa."